Majira Hayaji Peke Yake: Demani, Usuhuba na Tatizo la Tafsiri katika Ushairi wa Kiswahili

1.0 Utangulizi

Makala haya yanachunguza namna fasihi ya Kiswahili inavyoyapokea majira mapya yanapoingia. Suala lenyewe limezuka kutokana na tatizo dogo la tafsiri ambalo, likitazamwa kwa makini, linageuka kuwa tatizo kubwa la uhakiki. Fasihi za Ulaya zina majira yanayofuata kiangazi chao, ambapo majani ya miti hubadilika rangi na kupukutika, mavuno hukusanywa, baridi huanza kunusa mlangoni, na watu hutoka na rafiki zao kwenda milimani kuitazama misitu iliyogeuka kuwa myekundu. Hapa tutayaita majira ya kupukutika, kwa kukosa jina lililokubaliwa na wote. Mfasiri wa Kiswahili akiyakuta majira hayo katika shairi au riwaya, huyaitaje? Na mhakiki asipoyakuta katika ushairi wa Kiswahili, aseme nini?

Swali la pili ndilo lenye uzito. Kumekuwa na maoni, ambayo hurudiwa mara kwa mara katika semina na tasnifu, kwamba ushairi wetu wa kimapokeo hauna tungo za maumbile. Kwamba mshairi wa pwani alishughulika na mawaidha, mapenzi na malumbano, akayapita maua, milima na mawingu kana kwamba hakuyaona. Hoja yetu ni kwamba maoni hayo yametokana na kutafuta kitu mahali ambapo hakiwekwi. Katika ushairi wa Kiswahili majira hayaji peke yake. Yanakuja na watu. Anayetaka kuyaona sharti ayatafute ndani ya usuhuba: katika mapokezi, maagano, mialiko na majibizano.

Ili mjadala usielee hewani tutasimama mahali pamoja, nako ni Kipevu, upande wa Changamwe, magharibi ya kisiwa cha Mombasa. Mtu aliyesimama kwenye miinuko ya Kipevu ana maji ya Kilindini upande mmoja na hori ya Port Reitz upande mwingine. Akielekeza macho kusini magharibi anaiona safu ya vilima vya Shimba. Bahari, upepo na vilima vyote vimo katika upeo mmoja wa macho. Kama pwani ina majira ya kufurahiwa nje ya nyumba, hapa ndipo yangepaswa kuonekana.

2.0 Vuli, demani na majani yaliyopukutika

Watafsiri wetu wamekuwa na njia tatu. Baadhi yao huandika vuli. Wengine huandika demani. Wengine huona heri kueleza: majira ya majani kupukutika. Kila njia ina gharama yake.

Vuli inalingana na majira hayo ya Ulaya kwa kalenda tu. Mvua za vuli hunyesha kati ya Oktoba na Disemba, yaani karibu na wakati ule ule ambapo majani ya Ulaya yanaanguka. Lakini maana ya vuli kwa mkulima wa Kwale au wa Kisauni ni mwanzo: ardhi iliyokauka hupata maji, mbegu hutiwa, majani huchipua. Msomaji wa Kiswahili anayekutana na shairi la Kiingereza ambamo mzee anajifananisha na vuli atadhani kwamba mzee huyo anarudia ujana. Hapo mfasiri hakupoteza ladha peke yake; ameigeuza jazanda nzima ikatazama nyuma.

Demani iko karibu zaidi. Ni kipindi cha kuanzia takriban Agosti hadi Novemba, ambapo nguvu ya kusi imevunjika, kipupwe kimepita, bahari imetulia na kaskazi bado haijashika. Kwa jina hilo hilo mabaharia huiita kamba ya kuongozea tanga, na mshairi anayejua kucheza na maneno anaweza kufanya mengi na ulinganifu huo: upepo uliokuwa bwana sasa umeshikwa kwa mkono. Demani ina upole, ina starehe ya kutoka nje bila kupigwa na mvua wala kuchomwa na jua la kaskazi. Haina kifo cha majani, wala huzuni ya baridi inayokaribia.

Njia ya tatu, ya kueleza, ni ya uaminifu lakini inaacha nusu ya maana. Majira hayo ya Ulaya si ya kuanguka tu. Ni ya kuiva pia. Hapa Kiswahili hakina umaskini wowote, maana kina mzizi wa -pevu. Tunda ni pevu, mwezi ni mpevu, akili ni pevu, mtu ni mpevu. Na kitu chochote cha ngeli ya ki-vi kilichofikia ukamilifu wake ni kipevu. Mahali tuliposimama pana jina linalosikika sawasawa na kivumishi hicho. Lugha iliyounganisha tunda, mwezi na akili kwa mzizi mmoja imekwisha kufanya kazi ambayo washairi wa Ulaya waliyatumia majira yao kuifanya. Mfasiri anayetaka kuokoa upande wa kuiva anaweza kusema majira ya upevu, na hatakuwa ameazima kitu kwa jirani.

Kabla ya kuondoka katika nukta hii ni vyema kuondoa dhana moja potofu. Husemwa kwamba pwani haina majani yanayogeuka rangi. Mkungu, mti wa kivuli ulioenea katika miji yetu ya bahari, hugeuza majani yake yakawa mekundu kabla ya kuyaangusha. Mbuyu nao humwaga majani yote wakati wa ukame, ukabaki matawi matupu. Tofauti ni kwamba miti hii haisubiriani. Mkungu una wakati wake, mbuyu una wake, na mwembe haupukutiki wote kwa mara moja. Majani yaliyoanguka ni jambo la mti fulani katika uwanja fulani. Hayajawahi kuwa saa ya jamii nzima. Saa ya jamii nzima ilikuwa upepo.

3.0 Neno moja, milima miwili

Kwamba majina ya majira ni mali ya mahali tunaweza kuonyesha kwa mfano wa jirani zetu wa ng'ambo ya bahari, na mfano huu unawahusu Waswahili moja kwa moja, kwa kuwa Oman ina wazungumzaji wengi wa Kiswahili wenye asili au nasaba ya Unguja, Pemba na Mombasa.

Katika Kiarabu cha vitabuni, kharif ni majira ya kupukutika. Lakini katika milima ya Dhofar, juu ya mji wa Salalah, kharif ni jina la kipindi kinachoanza mwishoni mwa Juni na kumalizika karibu na mwishoni mwa Septemba, ambapo ukungu na manyunyu kutoka baharini hufunika miteremko, na milima iliyokuwa kavu ikawa kijani kitupu. Wakati huo sehemu nyingi za Rasi ya Arabuni zinaungua kwa joto. Basi familia na makundi ya marafiki hufunga safari kwenda Dhofar, wakatandika mikeka kwenye majani mabichi, wakapika chai na nyama, wakakaa ndani ya ukungu kwa raha tele. Kwa Kiunguja tungesema wamekwenda mandari. Neno linalomaanisha kufa kwa majani katika kamusi linamaanisha kufufuka kwake mlimani.

La kuzingatiwa zaidi ni kwamba upepo unaoleta kharif hiyo si mgeni kwetu. Ndio kusi yetu. Upepo unaovuma pwani ya Mombasa kuanzia Aprili huvuka ikweta, hupinda kuelekea kaskazini mashariki, na kufika Arabuni ukiwa umebeba unyevu. Pumzi ile ile inayowafungia bahari wavuvi wa Likoni katikati ya mwaka ndiyo inayowaandalia watu wa Salalah karamu ya mlimani. Upepo mmoja una majina mawili na hisia mbili. Mhakiki anayedhani kwamba majira ni kitu cha maumbile matupu, kisichotegemea watu wanaoyapokea, ajiulize upepo huu ni wa huzuni au wa furaha. Hautajibu mpaka umtaje aliye mbele yake.

4.0 Mtazamaji mpweke na ukumbi wa washairi

Shairi la Kiingereza linalojulikana kuliko yote kuhusu majira ya kupukutika ni lile ambalo John Keats alilitunga Septemba 1819, baada ya matembezi kwenye mashamba ya karibu na Winchester. Vizazi kadhaa vya wanafunzi wa Afrika Mashariki vililisoma kabla ya mageuzi ya mitaala yaliyochochewa na waraka wa mwaka 1968 wa Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Uzuri wa shairi hilo hatuupingi. Tunachokiona ni kwamba hakuna rafiki ndani yake. Majira yenyewe yamefanywa mtu, nayo yanasemeshwa. Binadamu anayesemesha hana mwenzi. Hata hivyo, siku chache baada ya matembezi hayo Keats alimwandikia barua rafiki yake Reynolds akimweleza jinsi msimu ulivyompendeza. Usuhuba ulikuwapo, ila ulibaki katika barua. Shairi lilitoka peke yake.

Katika ushairi wa Kiswahili wa kimapokeo mgawanyo huo wa barua na shairi haukuwapo, kwa sababu shairi lenyewe ndilo barua. Mtunzi hutunga akiwa na mtu mbele yake: mpenzi, hasimu, sahibu, mji wa upande wa pili. Muyaka bin Haji (takriban 1776–1840), ambaye tungo zake zilihifadhiwa kwa juhudi za Mwalimu Sikujua, zikachapishwa na Hichens mwaka 1940 na kuchambuliwa na Mohamed Abdulaziz mwaka 1979, alikuwa na bahari, chombo, tanga na upepo kama sehemu ya msamiati wake wa kila siku. Lakini ukiyachukua maneno hayo na kuyaorodhesha chini ya kichwa cha maumbile, utakuwa umekata mkono ukauita mtu. Pepo zimo kwa sababu kuna anayeondoka, anayengojewa, anayetishiwa au anayetongozwa.

Hali halisi ya mji ilidai hivyo. Kaskazi ilipoingia, vyombo vya Arabuni, Ghuba na Bara Hindi viliteremka hadi bandari ya kale ya Mombasa. Kusi iliposhika, vilirejea. Katika kipindi cha tanga mbili, upepo ukiwa haujaamua, watu walimaliza hesabu, wakalipana madeni, wakaagana. Kwa hiyo kusema kwamba kaskazi imeingia kulikuwa ni kusema kwamba fulani karibu atafika. Msimu ulijulikana kwa nyuso. Ahmed Sheikh Nabhany katika Sambo ya Kiwandeo (1979) anakifuata chombo tangu kuundwa kwake, na hapo nasi tunakumbushwa kwamba jahazi haliundwi, halishushwi majini wala halisafirishwi na mtu mmoja. Utenzi wa chombo ni utenzi wa wengi.

Desturi hiyo haikukatika shairi lilipoingia magazetini. Katika Mambo Leo, lililoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1923, ukurasa wa mashairi ulikuwa ukumbi: mmoja huuliza, wa pili hujibu kutoka mji mwingine, wa tatu huamua. Shairi lililokosa jibu lilikuwa kama salamu isiyoitikiwa.

5.0 Nairuzi: kutoka Nishapur hadi Makunduchi

Ushahidi wenye nguvu zaidi wa hoja yetu unapatikana katika siku ya mwaka, yaani Nairuzi. Pwani ya Waswahili, pamoja na mwaka wa Kiislamu unaofuata mwezi, ilikuwa na mwaka wa jua wenye siku 365, uliohesabiwa kwa miongo ya siku kumi kumi. Kwa miongo hiyo mkulima alijua wakati wa kupanda na nahodha wakati wa kuondoka. Ahmad ibn Majid, mwanamaji maarufu wa karne ya 15, alizitaja tarehe za safari kwa hesabu hiyo hiyo ya Nairuzi.

Asili ya siku hiyo ni Uajemi, ambako mwaka mpya hufungamana na machipuko. Omar Khayyam, mshairi na mwanahisabati wa Nishapur, alikuwa mmoja wa wataalamu waliorekebisha kalenda ya Uajemi mwaka 1079 ili mwaka mpya usihame mahali pake. Kalenda ya pwani haikufanyiwa marekebisho hayo. Kwa kuwa haina siku ya ziada kila miaka minne, Nairuzi yetu imekuwa ikirudi nyuma siku moja kila miaka minne, na katika zama zetu inaangukia Julai, katikati ya kipupwe. Sherehe ya machipuko imejikuta katika msimu mwingine kabisa.

Wala watu wa Makunduchi, kusini mwa Unguja, hawakuiacha. Katika Mwaka Kogwa wanaume wanapigana kwa magome ya migomba ili kinyongo cha mwaka kiishe, wanawake wanaimba wakiwa wamejipamba, kibanda kinachomwa moto, kisha kila nyumba inapika. Huaminika kwamba si vizuri nyumba kukosa mgeni siku hiyo. Imani hii ndogo ina uhakiki mkubwa ndani yake. Jua limehama, machipuko yamehama, lakini mwaka unaingia kwa sababu kuna mgeni wa kuupokea pamoja naye.

Sasa tumrejee Shaaban Robert (1909–1962), mzaliwa wa Vibambani karibu na Tanga, ambaye Omar Khayyam kwa Kiswahili ilichapishwa mwaka 1952. Alifasiri kutoka Kiingereza cha FitzGerald, ambamo mwaka mpya unaingia pamoja na machipuko, na msemaji anamwita mwenzake nje, chini ya tawi, wakashirikiane chakula, kinywaji na shairi. Mara nyingi tafsiri hii hujadiliwa kwa upande wa vina na mizani, au kwa swali la kidini linalozushwa na divai. Tunapendekeza isomwe upya kwa upande wa majira. Mfasiri wa pwani alikuwa na kazi ya kupeleka machipuko ya Nishapur, yaliyopitia Uingereza, kwa hadhira isiyo na machipuko. Hadhira hiyo, hata hivyo, ilikuwa na Nairuzi, na ilikuwa na mandari. Kilichokuwa kigeni kwake ni hali ya hewa; mwaliko haukuwa mgeni. Mwanafunzi atakayeilinganisha tafsiri na FitzGerald ubeti kwa ubeti ajiulize wapi mfasiri anategemea maumbile na wapi anategemea mwaliko. Kipimo hicho kitatufunulia mengi kuliko kuhesabu silabi.

6.0 Pingamizi

Huenda ikasemwa kwamba tumechagua mifano inayotufaa. Pingamizi mbili zinastahili jibu.

La kwanza ni kwamba Kiswahili kina waandishi waliokutana na maumbile mageni ana kwa ana. Selim bin Abakari alisafiri na Bumiller mwaka 1896 kupitia Urusi hadi Siberia, akafika milima ya Altai. Simulizi yake imo katika Safari za Wasuaheli, kitabu kilichotolewa na Carl Velten mwaka 1901. Hapa kuna Mswahili, milima, baridi na wasafiri wenzake. Lakini kinachomshughulisha zaidi msimulizi ni watu: wanaishije, wanakula nini, wanamtazamaje yeye mtu mweusi aliyefika kwao. Nathari hiyo inaithibitisha hoja yetu badala ya kuivunja. Hata Siberia ilimfikia kwa njia ya wenyeji wake.

La pili ni zito zaidi. Tangu Euphrase Kezilahabi alipochapisha Kichomi mwaka 1974, ushairi wa Kiswahili umekuwa na sauti ya mtu aliye peke yake, anayewaza mbele ya ziwa au mbele ya nafsi yake, asiyengoja jibu. Sauti hiyo ni yetu pia, na mgogoro wa miaka ya 1970 juu ya vina na mizani usitufiche kwamba mageuzi makubwa hayakuwa ya umbo tu. Msikilizaji aliyekuwa ndani ya shairi alitolewa nje. Hatusemi kwamba hilo lilikuwa kosa. Tunasema kwamba lina bei, na kwamba uhakiki haujaihesabu. Shairi huru likiyapokea majira, huyapokea kwa macho. Shairi la kimapokeo liliyapokea kwa mkono, kama mtu anavyopokea mzigo wa mgeni mlangoni.

7.0 Hitimisho

Turudi Kipevu kwa macho ya leo. Gati za makasha zilizofunguliwa mwaka 2016 na gati mpya ya mafuta iliyozinduliwa mwaka 2022 zinapokea meli zisizouliza upepo unatoka wapi. Meli inafika katika kusi kama inavyofika katika kaskazi, ikapakuliwa usiku kwa taa, ikaondoka bila mtu wa mjini kumjua nahodha wake. Kijana wa Changamwe anaweza kumaliza shule bila kujua kwamba demani ni nini, na bado akafanya mtihani wa ushairi ambamo neno hilo limo.

Hatari inayotukabili ni kubwa kuliko upungufu wa msamiati. Kama ni kweli kwamba majira yetu yalipata maana kwa watu waliokuja nayo, basi watu hao wakiacha kuja, majira yanabaki kuwa hali ya hewa: jambo la kutangazwa redioni baada ya habari. Hapo mhakiki atakayesema kwamba ushairi wa Kiswahili hauna maumbile atakuwa amesema kweli kwa mara ya kwanza, kwa kuwa sisi wenyewe tutakuwa tumemsaidia.

Mapendekezo yetu ni matatu. Kwanza, vuli isitumiwe tena kufasiria majira ya kupukutika. Demani itumike pale panapotakiwa upole na utulivu, upevu pale panapotakiwa kuiva, na maelezo pale ambapo majani yenyewe ndiyo kiini. Usiache mbachao kwa msala upitao. Pili, wanafunzi wa shahada za juu wakusanye msamiati wa pepo na miongo kwa wavuvi wa Port Reitz, Likoni na Mtongwe, ambao vyombo vyao vidogo bado vinaitii kusi. Tatu, uhakiki wa maumbile katika Kiswahili uanze na swali lililo jepesi kutamkwa na gumu kujibiwa: majira haya yameingia pamoja na nani? Wakati wa vuli wingu likijikusanya juu ya Shimba, mtu wa Kipevu analiona kabla ya mvua kumfikia. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Ushairi wao ulimtaka aliyeyaona awaite wenzake.